Siku Tano Bila Choo

Katika nyumba ya wazee nilimofanya kazi, nje kidogo ya Garsen, habari ya kwanza kila asubuhi ilikuwa choo. Nani kapata, nani bado. Tuliandika daftarini, na wiki hiyo mzee mmoja alinikosesha raha: mkulima wa Golbanti, mpole, miguu imemwishia nguvu, siku ya tano hajapata kitu. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Nesi alisema wazi kwamba asipopata choo kufikia kesho, atapelekwa hospitali Malindi. Mzee hakutaka kusikia, maana mkewe alipelekwa huko na hakurudi.

Nilimpa dawa, nikamlisha papai. Maji ndiyo yalinishinda. Kila nikirudi, kikombe kimejaa vilevile.

"Baba mkwe, kunywa."

"Nitakunywa."

Hakunywa, na mimi si mtu wa subira. Nilitoka nikinung'unika.

Jina hilo la baba mkwe nililianzisha mwenyewe. Aliponiambia ana mtoto wa kiume hajaoa, nilimtania kuwa basi nimepata bwana, na tangu hapo nikawa mkwe wake. Wazee wote walicheka. Yeye alitabasamu tu, akatazama pembeni.

Mpishi wetu, mama mmoja wa Chara, alinisikia nikilalamika jikoni. "Wewe ungemvua suruali baba mkwe wako?" akaniuliza, huku anachambua mchicha.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mhudumu wa kiume alikuwa likizoni, kwa hiyo wa kumpeleka mzee chooni nilikuwa mimi. Hakuwa akikataa maji. Aliogopa maji yangemlazimu kuniita.

Nilirudi nikaketi chini, kando ya kitanda chake. "Babu, yule mkwe nimemfukuza. Nimebaki mimi, mjukuu wako."

Alinigeukia. "Mjukuu gani hamletei babu yake maji?"

Alikunywa vikombe viwili papo hapo, akaomba na uji. Mpaka jioni nilikuwa nimejaza jagi mara mbili.

Kesho yake asubuhi, kabla nesi hajafika, nilisimama nje ya mlango wa choo na bakora yake mkononi. Nilikaa pale muda mrefu, nikiomba kimoyomoyo. Kisha sauti ikatoka ndani.

"Mjukuu, njoo."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Nikamsafisha, naye akalalamika kwamba maji ni ya baridi na kwamba wajukuu wa siku hizi hawana huruma. Daftarini niliandika: kapata. Gari la Malindi likaondoka bila yeye.