Mpini Uliobaki Juu

Kwangu Kanazi kuna antena mbili. Ya kwanza ni waya niliotundika kati ya mikaratusi miwili nyuma ya nyumba, juu kabisa. Hiyo ni ya kurushia sauti. Ya pili ni waya mrefu unaopita chini, kimo cha goti, kando ya shamba la migomba mpaka bondeni. Hiyo ni ya kupokelea. Wageni huniuliza kwa nini nisitumie moja kama watu wenye akili zao. Sababu ni umeme. Tangu nguzo zifike na jirani aweke mashine ya kusaga, waya wa juu unakoroma mchana kutwa, na sauti ya mtu wa mbali inamezwa humo. Waya wa chini haufai kurushia, lakini bondeni kumetulia, kwa hiyo unasikia hata mtu mwenye betri iliyochoka.

Mezani, kando ya redio, niliweka swichi ya mpini niliyoiunda mwenyewe. Mpini ukiwa juu unasema, ukiwa chini unasikia. Baada ya miaka kadhaa nilikuwa siufikirii tena. Nikimaliza kusema, mkono unaushusha wenyewe, kama unavyorudishia mlango ukitoka.

Niliyekuwa nikizungumza naye aliishi Nyamahanga, upande wa Biharamulo. Tulikuwa mafundi wa redio za upepo kwenye kambi za wakimbizi, tukapanda minara pamoja na kulala hema moja. Kazi ilipokwisha tuliomba leseni za redio ya ridhaa, ile ya kuongea hewani kwa kupenda tu, na tangu hapo kila siku saa kumi jioni tulikutana hewani. Simu tulikuwa nazo, ila simu ni ya kuulizia bei ya maharage. Redio ilikuwa yetu.

Alinizidi miaka minne na hakuniacha nisahau. Mdogo ndiye anayeamkia, basi mimi ndiye niliyeanza kila siku. "Shikamoo kaka." Ndipo anajibu marahaba yake ndefu, kisha tunateta habari za mbuzi, mvua na wanasiasa. Siku nikichelewa kumwamkia alibonyeza maiki mara mbili bila kusema neno, kunikumbusha adabu.

Alikuwa na sukari. Mwaka jana alipata kidonda mguuni, akakitibu kwa majani. Mkewe alinipigia simu akanong'ona kwamba kidonda kimeanza kunuka. Jioni hiyo nilimwambia redioni aende hospitali. Akasema ataenda akishavuna. Nikamwambia mguu haungoji mavuno. Akasema wanaopelekwa hospitali na mguu kama ule wanarudi na mmoja, na yeye hataki kuzikwa vipande vipande.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nikaongeza: "Usinipigie simu, na mkeo asinipigie, mpaka uwe kwenye kitanda cha hospitali." Nikazima redio nikaenda kukata majani ya mbuzi, huku nikijisifu moyoni kwamba leo nimemweza.

Siku iliyofuata, saa kumi, niliwasha redio. Sikumwamkia. Nilisema moyoni safari hii aanze yeye, umri wake umsaidie. Nilikaa kwenye kiti nimekunja mikono, nikisikiliza. Redio ilikoroma tu. Nikawaza, amenuna. Siku ya pili hivyo hivyo, mkoromo mtupu. Siku ya tatu nilijaribu kukaa zaidi, mpaka saa kumi na mbili, na nakiri kwamba nilianza kuogopa. Mdomo ulikuwa tayari kusema shikamoo. Sikusema. Niliona nikianza mimi nitakuwa nimeshindwa, nikazima.

Siku ya nne asubuhi mkewe alinipigia.

"Shemeji, mwenzio ametutoka alfajiri." Alilia, kisha akasema, "Mbona hukuitika?"

Nikamwuliza kuitika nini.

"Amekuita redioni siku tatu, shemeji. Saa kumi zenu zile."

Niliingia chumba cha redio na simu ingali sikioni. Mpini ulikuwa juu. Siku ya ugomvi nilisema maneno yangu na kuzima redio bila kuushusha, kwa sababu sikutaka kusikia jibu. Na siku zote tatu zilizofuata sikusema kitu, kwa hiyo mkono haukuwa na sababu ya kuugusa. Nilikuwa nasikilizia antena ya kusemea. Fundi mzima, mwenye miaka yote hiyo kwenye kazi, nilisikia ule mkoromo wa mashine ya kusaga na sikujiuliza unatoka wapi. Ningemwamkia tu, neno moja, mpini ungeshuka.

Nilipanda basi mpaka Biharamulo, kisha bodaboda. Nilifika wakati wanaume wanachimba kaburi, nikapokea jembe. Baada ya maziko mkewe aliniita nyuma ya nyumba, karibu na nguzo ya antena yake, akanieleza yote bila kuulizwa. Siku ya kwanza mumewe alikubali kwenda hospitali, ila akasema atapelekwa na mimi, maana mimi ndiye nitakayembishia daktari wakitaka kukata bila sababu. Jirani mwenye gari alijitolea, akamkataa. Mkewe alitaka kunipigia simu, akamkataza: "Amesema tusimpigie, atanisikia redioni." Siku ya tatu hakuweza kukaa. Mkewe alimletea maiki kitandani akambonyezea kitufe.

"Alikuamkia, shemeji," alisema. "Yeye, mkubwa, alikuamkia wewe shikamoo. Mara tatu. Niliona haya nikatoka nje."

Nilishika ile nguzo. Nilijua alichokuwa akiniuliza kwa macho, na nilijua jibu lake lote, tangu hasira mpaka mpini. Nilimpenda yule mtu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na nilikuwa nimemwacha aoze akiningoja.

"Redio yangu iliharibika," nikasema. "Siku hizo zote ilikuwa mbovu."

Alinitazama kidogo, kisha akashusha pumzi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu nifike sikuwa nimeona uso wake umelegea namna ile.

"Basi Mungu ashukuriwe," alisema. "Alikufa akidhani bado umemkasirikia, kumbe ilikuwa redio tu."