Funguo za Fremu Uwanjani

Mimi ni refa wa Jumapili. Siku nyingine nauza vitenge Kariakoo, na ukiniponda kuhusu vitenge vyangu nitakuvumilia. Ukiniponda nikiwa na filimbi mdomoni, tutakosana.

Kozi ya urefa ilikuwa ya siku mbili. Mkufunzi alisisitiza jambo moja: kabla hujahesabu wachezaji, kagua uwanja, kagua magoli, kagua miili ya watu. Pete, saa, cheni, vyote nje. Mtu akiumizwa na kitu ulichokiona ukanyamaza, umemuumiza wewe. Sikumwambia kwamba sisi wa Kariakoo tuna kitu cha nne. Mwenye fremu, yaani chumba cha duka, hamwachii mtu funguo zake, hata awe ndugu. Anazifunga kwenye kamba ya bukta na kucheza nazo, zinalia kama njuga.

Mwaka jana niliziona nikanyamaza. Rafiki yangu wa fremu ya jirani akagongana na mangi mmoja, Mchaga wa duka la mabomba, na ufunguo wa mangi ukamwingia pajani. Alishonwa, akachechemea miezi. Mkewe hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi rafiki yangu alipotaka kurudi uwanjani, mkewe alikuja dukani kwangu, akaegemea meza.

"Shem, nakukabidhi mzima. Nirudishie mzima."

Nikamwambia asiwe na shaka.

Jumapili tukashuka viwanja vya Jangwani, mtaa wa vitenge dhidi ya mtaa wa mabomba. Nikaokota vipande vya chupa, nikafukia shimo, nikatikisa magoli. Kisha nikawapanga mstari na kuwaambia funguo nje, la sivyo mpira hauanzi.

Mangi akanitazama kana kwamba namwomba figo. "Refa, hizi hata mke wangu hajawahi kuzishika."

"Basi kaa nazo nje."

"Nikizivua, nani atazishika?"

"Hakuna. Utaziona mwenyewe."

Nikafunga kamba kati ya vijiti viwili pembeni ya uwanja, peupe, kila mtu akatundika zake kwa fundo lake. Shemeji, aliyekuja na mumewe, akaketi hapo juu ya ndoo. Wakaniita bwana afya, wakanicheka, lakini wakatundika.

Nilifurahi mno, jamani. Na mchezo wenyewe ukawa kituko, maana watu walikimbia shingo zimegeukia kambani. Mangi, aliyekuwa kipa, aliona mpita njia amezisogelea funguo zake, akaacha goli wazi kwenda kuhakikisha. Rafiki yangu akausukuma mpira wavuni taratibu. Mangi akaja juu, eti goli si halali. Nikamwambia hakuna sheria inayomzuia kipa kwenda kuangalia duka lake, ila goli ni goli.

Zikabaki dakika chache. Rafiki yangu akaja mbio na mpira, nikarudi nyuma kumpisha, nikachelewa. Tukaanguka wote wawili, yeye juu yangu. Kitu kikanichoma nyongani hadi machozi yakanilengalenga. Nikapeleka mkono chini ya jezi.

Funguo zangu. Nilikuwa nimewavua funguo watu ishirini na wawili, na mwenyewe nilizichomeka kiunoni asubuhi kama siku zote, wala hazikunipitia akilini.

Rafiki yangu akainuka, akajipapasa paja, akacheka. Alikuwa mzima. Lakini funguo zile zingegeukia nje kidogo tu, zingemwingia yeye, palepale penye kovu. Nilijionea aibu.

Nikasimamisha mpira. Nikatembea hadi kambani, uwanja mzima ukinitazama, mangi akinipigia makofi ya kejeli. Shemeji hakucheka. Alizisogeza funguo za wenzangu kunipa nafasi.

"Mzima, shem," nikamwambia.

"Nimemwona," akasema. "Funga vizuri, mpira bado haujaisha."