Mpima uboho wa Mbotela na nyumba ya Mzee Wakoli

Saa mbili asubuhi, Carolyne Ayuma ameinamia darubini na hataki kusemeshwa. Mkono wa kushoto unasogeza kioo chenye uboho uliopakwa rangi, wa kulia unabonyeza kihesabio. Kila aina ya seli ina kitufe chake. Zikitimia mia, kengele ndogo inalia na anaanza upya.

"Hata ukinisalimia tu, hesabu inapotea," anasema baadaye, akinawa mikono.

Ayuma, 41, ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja jijini na mkazi wa mtaa wa Mbotela. Kazi yake ni kuchunguza uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, na kutambua umepatwa na ugonjwa wa aina gani. Anachotafuta hasa ni seli changa, zile zilizokataa kukomaa. Zikiwa chache, mgonjwa anaweza kuishi na maradhi yake miaka mingi. Zikizidi kiwango fulani, hiyo ni saratani ya damu.

"Sisi tunataja aina. Daktari anaongeza vipimo vingine ndipo anakadiria mbele kukoje. Na ni yeye anayemwambia mgonjwa, si mimi."

Kila kioo husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuchungulia hesabu ya mwenzake. Na kuna sharti jingine: ukimjua mgonjwa, kioo chake hukigusi.

Sharti hilo ndilo lililomletea Ayuma balaa mwezi Juni.

Jirani yake katika ploti, ua wa vyumba vya kupanga, Javan Wakoli, 58, muuza viatu vya mitumba katika soko la Muthurwa, alikuwa akiongezewa damu mara kwa mara bila kupata nafuu. Jioni moja alimwambia Ayuma kwamba ametobolewa mfupa wa nyonga ili uboho upimwe. Kesho yake Ayuma aliwaarifu wakubwa wake, na kioo kikapewa mwenzake, Gordon Odera, na msomaji mwingine.

Kisha Ayuma akaanza kumkwepa Wakoli. Akimwona bombani, anarudi ndani. Nguo alizianika mzee akiwa sokoni.

"Niliogopa ataniuliza, na sina jibu," anasema.

Alikosea, na leo anakubali. Katika ploti ambayo kila mtu anajua kazi yake, kimya chake kilikuwa habari tosha.

"Mpimaji mwenyewe akikuhepa, si ujue umekwisha?" anauliza Wakoli.

Wakoli ni Mbukusu wa Kimilili, na hakuwa amejenga nyumbani. Kwao, mwanamume akifa bila nyumba, jamaa humjengea kibanda mbio mbio ili maiti ipate pa kulala. Aibu hiyo hakuitaka. Akaamua kwenda mwenyewe, asimamishe chumba kimoja, angoje siku yake. Basi lilikuwa la Jumatano. Majibu ya uboho yalikuwa Alhamisi.

Jumanne mkewe alikuja kwa Ayuma kurudisha sufuria na kuaga. Ayuma aliposikia safari yenyewe, aliweka sufuria chini. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa mbali na damu ya kuongezewa, si ugonjwa utakaomuua, ni safari. Alivuka ua bila viatu.

"Mzee, mimi sijui kitu. Kioo chako sijakiona, kiko kwa Gordon."

"Mama Mourine, usinibembeleze," alijibu Wakoli, akimwita kwa jina la binti yake. "Mimi si mtoto."

"Ningekuwa najua, ningekusalimia kama kawaida ndio usishtuke. Nimekuhepa kwa sababu sijui!"

Wakoli akacheka mpaka akashika mlango. Basi la Jumatano likaondoka bila yeye.

Alhamisi Ayuma aliomba ruhusa kazini, akaketi kliniki kando ya mzee kama jirani, mikono mapajani, akiwa na hofu kama ya mke wa mzee. Hakuwahi kukaa upande huo wa meza.

Daktari Fadumo Jimale hakuzungusha maneno. "Mzee, uboho wako umezembea. Lakini seli changa ni chache, na vipimo vile vingine si vibaya. Hii ni aina ya pole pole. Utahitaji dawa, na damu mara kwa mara. Siku anaijua Mungu, ila kwa aina hii huwa tunahesabu miaka, si miezi."

"Kwa hivyo nijenge?"

"Jenga. Matofali abebe mwingine."

Tangu siku hiyo Ayuma husalimia kila mtu kwenye ploti, awe amepimwa au hajapimwa. Ameomba hospitali impe nafasi ya kuzungumza na wagonjwa kabla hawajatobolewa mfupa, wajue nani atasoma kioo na nani atawapa majibu. Bado anangoja kujibiwa.

Desemba anapanga kwenda Kimilili na bintiye, Mourine. Katika miaka yake yote ya darubini, Mzee Wakoli atakuwa mgonjwa wa kwanza kumwandalia chai.

Wakoli naye amebadilisha ramani kwa fundi.

"Chumba kimoja ni cha kulaza maiti," anasema, akipanga viatu vyake Muthurwa. "Nimemwambia ajenge vitatu. Mama Mourine akija na mtoto, watalala wapi?"