Beseni la Mama Rehema

Kila asubuhi, kabla kengele haijapigwa, Espérance huwa amekwisha kufagia madarasa sita kati ya tisa ya shule moja ya sekondari mjini Baraka. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye sauti ya chini. Walimu wapya hudhani hasikii vizuri, kumbe anasikia kila kitu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, siku walimu walipokutana kupanga sikukuu ya utamaduni, naye akifagia baraza nje ya dirisha lao.

Mkuu wa shule, ambaye wote humwita Prefe, alitaka ngoma na vinyago. Mwalimu Wilfried wa historia alikuwa na wazo jingine. Kila familia ilete kitu kimoja kilichosafiri, kiwekwe mezani pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe na mahali kilipopita. Wenye vitu warekodiwe kwa simu wakisimulia, kisha video zioneshwe darasani siku ya sikukuu.

“Kitu kama nini?” Prefe aliuliza.

“Sufuria, Prefe. Mukeka. Taa ya kuvulia.”

“Batu batoke Mboko mpaka hapa kuangalia sufuria? Si bako nayo kwao!”

Walimu walicheka. Nje, ufagio ulisimama.

Mkutano ulipomalizika, Espérance alimngoja Wilfried mlangoni.

“Mwalimu, kwangu iko beseni moja. Ilivuka ziwa mara mbili. Lakini haiko yangu.”

Lilikuwa beseni jeupe la chuma, lenye ukingo wa buluu na ua jekundu katikati, rangi imebanduka hapa na pale. Mwaka 1996, Espérance alipokuwa amejifungua binti siku tatu tu, jirani yake Rehema alimpitishia beseni hilo juu ya ua wa matete, limejaa bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kama majirani wanavyomfanyia mzazi. Alikuwa hajamaliza kula vita vilipoingia mtaani. Alifunga mtoto mgongoni, akashika kilichokuwa mkononi, akakimbilia mtumbwini. Katikati ya ziwa mtumbwi ulianza kuingiza maji, na beseni ndilo lililoyachota mpaka wakaiona nchi kavu. Katika kambi upande wa Kigoma lilipokea uji wa msaada, lilimwogesha mtoto, lilipimia unga. Miaka kumi na miwili. Mtoto huyo leo ni mama wa watoto watatu huko Lulimba.

Espérance alirudi Baraka mwaka 2008, akasikia kwamba Rehema yu hai, amehamia upande wa ziwani. Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Kwao chombo cha mtu hakirudishwi kitupu; hata mtoto mdogo hatumwi na sahani ya jirani isiyo na kitu ndani. Mwaka wa kwanza muhogo uliugua majani. Mwaka wa pili alifiwa na mume. Na kadiri miaka ilivyopita, alichopaswa kutia ndani kilizidi kukua kichwani mwake. Samaki watatu wangetosha baada ya mwaka mmoja. Baada ya kumi na mitano ungetia nini? Alipomwona Rehema sokoni, alimsalimu kwa mbali na kugeuza njia kupitia kwa wauza chumvi.

Haya yote aliyasema mbele ya simu ya Wilfried, uani kwake, akilitaja jina la Rehema wazi. Aliposikia alichosema, alishika kinywa.

“Mwalimu, Faida, mujukuu wake, anasomaka kwenu. Bibi yake atakuja. Ile jina utoshe, isibakie.”

“Naweza kuitosha, mama. Lakini waza kwanza. Utaniambia kesho kutwa.”

Siku mbili Espérance alifagia bila kuinua macho. Iwapo jina lingebaki, Rehema angejua mbele ya watu wote kwamba beseni lake lilikuwa mji uleule miaka yote hiyo. Iwapo lingetolewa, asante yake isingefika kamwe, na yeye hakuwa na njia nyingine ya kuifikisha. Siku ya tatu alisimama mbele ya Wilfried.

“Acha ibakie. Na ku karatasi andika yeye ndiye mwenyewe.”

Siku ya sikukuu meza zilitandikwa vitenge. Kulikuwa na wavu kutoka Swima, kinu, redio ya zamani, na katikati beseni. Prefe alishangaa kuona foleni ndefu zaidi mbele ya masufuria kuliko mbele ya vinyago vyake. Darasani madirisha yalizibwa kwa maturubai, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na mashine ya kuonyeshea picha iliyoazimwa parokia ikawashwa. Espérance alijibanza mlangoni na ufagio wake, ingawa hapakuwa na cha kufagia.

Sura yake ilipotokea kwenye shuka, vijana walipiga makofi. Jina lilipotajwa, mwanamke mwenye ushungi wa kijani alisimama mstari wa pili.

“Simamisha kwanza!”

Wilfried alisimamisha. Rehema aligeuka, akatafuta gizani.

“Espérance, weye! Miaka yote unanikimbiaka ku soko, sababu ya beseni?”

“Nisamehe, yaya, dada yangu. Sikukuwa na ya kutia ndani.”

“Na mi nilizani unajua mambo ya muhogo.”

“Muhogo gani?”

“Ya shamba yako, kule ku kilima. Hatukuweza kukimbia, mama mukwe hakuweza kutembea. Tulijificha kule, tukachimba muhogo yako miaka mbili. Yote, hata ile midogo. Batoto bangu banne balikomea juu yake, njaa haikubaua. Nilikuwa naogopa kukutazama ku macho. Unatafuta kutia nini? Ile beseni ulishaijaza zamani!”

Mtu mmoja nyuma aliropoka, “Kumbe tuko na bezi babili, wa beseni na wa muhogo!” na darasa zima likaangua kicheko, wao wawili wakiwa wa kwanza. Kisha Espérance aliuegemeza ufagio ukutani, akapita kati ya madawati mpaka kwa Rehema, na hakuna aliyeomba video iendelee upesi.

Jumamosi, maonyesho yalipofungwa, Espérance alipita barabara kuu kuelekea ziwani akilining’iniza beseni mkononi, tupu, kila mtu akiliona. Rehema alilipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi Faida alifika shuleni mapema na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa. Ndani kulikuwa na muhogo wa kuchemsha, bado wa moto. Espérance aligawana na walimu, Prefe akapata kipande kikubwa. Safari hii beseni halikukaa kwake hata siku mbili.