Mgongoni Sina Macho

Jamani, acheni tu. Jana nilikuwa kwenye foleni hospitalini, mwanangu nimembeba mgongoni kwa kanga. Alilia weee, kisha akanyamaza ghafla. Nikashukuru Mungu.

Mzee aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Mwanangu, huyu mtoto..."

Nikajua ni malalamiko. Nikamkatiza bila hata kugeuka: "Kwani nyinyi mlizaliwa wakubwa? Vumilieni!"

Nikajiona mtetezi wa akina mama wote wa Lushoto.

Mzee akanigusa tena. Nikageuza shingo kwa hasira. Karatasi ilikuwa imeingia nusu mdomoni mwa mwanangu; nusu nyingine kaishikilia mzee.

"Barua yangu ya rufaa," akasema taratibu. "Nimetoka nayo Mtae alfajiri. Nikivuta itachanika."

"Shi... shikamoo, babu."

"Marahaba. Sasa mwambie ateme."