Mkuna Nazi wa Jengo la Saba

Wakazi wote wanaarifiwa, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi wiki ya kwanza ya Mei, kwamba ndege wa porini wanaoonekana katika eneo hili si mali ya mtu, hawahitaji kitu kutoka kwa mkazi yeyote na hawachukui kitu kwa mkazi yeyote. Kwa hiyo kuwalisha ni marufuku.

Mwatime wa Jengo la Saba, mzaliwa wa Ukunda aliyekuja ughaibuni, mtaa wa Vickery Meadow, kumsaidia binti yake kulea wajukuu, alisomewa tangazo hilo mara mbili. Mara ya pili aliomba mwenyewe. Alitaka kujua ni nani aliyekwenda akawahoji ndege.

Hakuwa ameanza kuwalisha kwa nia yoyote. Alikuwa akikuna nazi. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliketi roshanini juu ya mbuzi yake, kile kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, aliyokuja nayo ndani ya sanduku la nguo. Maofisa wa uwanja wa ndege waliigeuzageuza, wakaamua ni kiti. Akishakamua tui, yalibaki machicha. Kwao machicha ni ya kuku. Hapa kuku huja wamekwishakatwa vipande, hawana njaa. Basi akayaweka kwenye sinia ukingoni mwa roshani, akangoja kuona nani atatokea.

Walitokea. Alikuja mwekundu mwenye kishungi, aliyemwita Bwana Harusi. Walikuja weusi wa kung'aa wenye makelele, wakila huku wakigombana. Na alikuja mmoja wa kijivu, mwembamba, mkia mrefu, ambaye hakula. Alitua juu ya nguzo ya taa nazi ikianza kukunwa, akainamisha kichwa, na ikiisha akaenda zake.

"Huyu hali," Mwatime alimwambia binti yake. "Amefuata nini?"

"Mama, ni ndege tu." Nusra ni muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu.

"Ndege tu huja kula. Huyu yuaja kusikiza."

Barua ya kwanza kutoka ofisini ilihusu machicha. Mwatime alitii. Sinia likarudi jikoni, mbuzi ikakunjwa nyuma ya friji, na nyumba ikahamia tui la kopo, ambalo kwa maelezo yake ni maji yaliyowahi kuonyeshwa nazi.

Wiki mbili baadaye ikaja ya pili. Kuna mtu Jengo la Saba anaendesha mashine roshanini alfajiri. Ikifika barua ya tatu, mkataba wa nyumba hautaongezwa mwezi Juni. Mkataba ulikuwa kwa jina la Nusra, na shule ya watoto ilikuwa ng'ambo tu ya barabara.

"Mama, niambie ukweli. Wakuna tena?"

"Mbuzi iko nyuma ya friji, ina vumbi. Nenda kaitazame."

Nusra akaenda kuitazama. Ilikuwa na vumbi.

Bibiche wa chini, Mkongomani wa Uvira anayefanya kazi ghalani, alizidisha mambo kwa wema. "Mama Nusra, mie siseme kitu ku ofisi, hapana. Lakini kila asubuhi nasikia unakuna. Njo inaniamusha, nafika ku kazi à l'heure, ku saa yenyewe. Aksanti sana."

"Sijakuna wiki mbili, mwanangu."

"Masikio yangu haidanganyake, Mama."

Mwatime akaanza kujishuku. Labda alikuna usingizini. Kesho yake alfajiri aliketi roshanini juu ya sakafu tupu, mikono mapajani aione mwenyewe, akangoja.

Krach, krach, krach, krach, krach. Kimya kidogo. Kisha tena mara tano.

Kile kimya alikijua. Ni cha kugeuza kifuu, na hukaa kirefu kidogo kwa sababu ya bega lake la kulia lenye baridi yabisi. Alitazama juu ya nguzo. Yule wa kijivu alikuwa ameketi, koo likimchezacheza kwa kila krach. Alipomaliza nazi akapiga king'ora cha gari, kisha akarudi kwenye nazi.

"Mshenzi we," Mwatime alisema, kwa heshima kubwa.

Alimwita Nusra asikie mwenyewe, naye akapiga simu ofisini. Meneja, Bi Carmel, alikuja kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi na faili lake. Mwatime alimpa kiti, naye akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Krach, krach. Carmel aliangalia mikono ya mzee, akachungulia nyuma ya friji, kisha akatoka tena akatazama nguzo. Alisikiliza nazi nzima.

"Mbona hunyamaza katikati?" aliuliza mwishowe.

Nusra akatafsiri. Mwatime akagusa bega lake.

Carmel aliichana barua ya pili hapo hapo. Kuhusu tangazo, alisema, hilo halimo mikononi mwake, limetoka juu.

Bado limebandikwa. Tangu Juni yule wa kijivu amehamia paa la ofisi, na kila asubuhi hukuna nazi pale, mara tano na kimya cha bega, mpaka Carmel afungue mlango.