Mpiga Kengele wa Sinema Aliyengoja Gari la Moshi Liondoke

Saa mbili na nusu ya asubuhi, Jumamosi. Barazani kwa Salumu, fundi cherehani wa Keko, Mwinjuma Kondo anainama na kupitisha kichwa kati ya mbao mbili zilizounganishwa kwa kamba. Ubao mmoja unamkaa kifuani, wa pili mgongoni. Kifuani amechorwa kijana wa Kihindi akitazamana na msichana mwenye machozi makubwa kama korosho. Mgongoni kuna gari la moshi linatoka stesheni.

Anapiga kengele mara moja. Anakohoa, anatema pembeni, anapiga tena.

“Sauti ipo,” anasema. “Leo naitaka inifikishe Temeke.”

Huku Keko, Chang'ombe na Temeke wachache wanalijua jina la baba yake. Wanamwita Bwana Mapenzi. Kazi yake ni kutangaza picha za Kihindi zinazoonyeshwa katika sinema moja ya mjini. Anatembea mitaani na mbao zake, anapiga kengele, watu wakikusanyika anawasimulia kisa. Anakipeleka mpaka pale ambapo msikilizaji hawezi kulala bila kujua mwisho, kisha ananyamaza. Mwisho unauzwa mjini, dirishani pa tikiti. Yeye hupata shilingi mbili kwa mzunguko, na ruhusa ya kukaa viti vya mbele, ambako shingo huuma.

Lakini leo ana kisa chake mwenyewe.

Mkewe, Mwanaasha, yuko Temeke kwa mama yake, anakaa eda. Mwinjuma alimpa talaka moja. Talaka moja bado ina mlango: kabla eda haijaisha, mume akitamka mbele ya mashahidi kwamba amemrejea mkewe, basi nyumba imesimama tena, bila mahari mpya wala harusi. Eda ikiisha, mlango umefungwa. Na hesabu ya eda iko mwilini mwa mwanamke, katika hedhi zake tatu, haiko kwenye kalenda ya ukutani. Jamaa wa Temeke wamemletea Mwinjuma habari kwamba siku zilizobaki ni chache mno.

Amekusudia kusema leo.

“Basi sema sasa,” Salumu anamwambia bila kuinua macho. “Mie shahidi wa kwanza, huyu muuza kahawa wa pili. Sema, halafu wende na kengele yako.”

“Hapa? Mbele ya suruali za watu?”

“Suruali hazina masikio, bwana. Sie tunayo.”

“Nitasema mlangoni kwao. Jioni, watu wakishajaa. Nafikisha kisa pale gari la moshi linapoondoka, nanyamaza, natazama dirishani, nasema. Atatoka mbio.”

Salumu anasimamisha cherehani. “Nani kakwambia atatoka mbio?”

Mwinjuma anaugonga ubao wa kifuani kwa vidole viwili, kana kwamba shahidi yuko pale.

Kabla hujamcheka, msomaji, msikilize akiwa kazini. Penye bomba la maji la Chang'ombe wanawake wanaziacha ndoo zikifurika. Anakuwa kijana wa tajiri, anakuwa binti wa mfinyanzi, anakuwa baba mkali anayefunga mlango kwa kufuli. Bibi mmoja anafuta macho kwa upindo wa kanga.

“Eti kaka, mwishowe wanaoana?” anauliza msichana mmoja.

“Mwisho uko mjini, dada, una kiti na tikiti.”

“Na wewe mwisho wako uko wapi?” anadakia mwenzake. Wanacheka wote. Habari za talaka yake zimemtangulia njiani.

Talaka yenyewe ilitokana na kazi hii. Mwinjuma hurudi nyumbani koo limekauka. Alikuwa akikaa kwenye mkeka bila kusema. Akitaka maji, anauonyesha mtungi kwa kidole. Akitaka chumvi, kidole. Akishiba, anasukuma sahani. Miaka sita ya ndoa, na mingi ya miaka hiyo, anakiri, ilikuwa ya kidole.

“Nikimaliza kazi sina neno lililobaki,” anasema. “Lakini mapenzi moyoni nilikuwa nayo. Nilidhani anajua.”

Kuna siku alimpatia Mwanaasha nafasi kwenye onyesho la wanawake, mchana. Mwanaasha alirudi kimya, akapika, akapakua. Mwinjuma akanyoosha kidole kuelekea mtungi. Mwanaasha akasema, mbele ya wapangaji wote uani: “Shingoni unavaa mapenzi, nyumbani unanipa kidole.”

Ua mzima ukaangua kicheko. Mwinjuma akasimama. Sauti ambayo hakuwa nayo ikapatikana, na alichokitamka ni talaka.

“Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyonipa mwaka ule,” Mwanaasha alituambia sisi wa gazeti Jumatano iliyopita, tulipomkuta uani kwa mama yake akichambua mchele. Ni mwanamke mwembamba, mwenye dharau ndogo pembeni mwa mdomo, hata anapohuzunika.

Tulimuuliza kama picha ile ndiyo iliyomharibu, maana wazee wengi wa Temeke husema sinema inawafundisha wanawake kutaka makubwa.

“Makubwa gani? Mie nilikuwa natazama kama watakula,” alisema. “Saa tatu nzima, hawakula. Yule mwanamume hakurudi kutoka kazini hata mara moja. Hakuna aliyeumwa jino. Wanaimba kwenye majani, mvua inawanyea, na hakuna anayewaza paa. Sasa nikajifunze nini pale? Sikutaka wimbo. Nilitaka aniulize kama nimeshiba.”

“Na akikurejea?”

Alipepeta kwanza, akatoa chuya. “Nitakwenda. Nangoja. Lakini kila Jumamosi anapita hapa na kengele, anawaambia watu wote kila kitu, mie haniambii kitu.”

Maneno hayo tulimfikishia Mwinjuma jioni ile ile. Alisikia neno moja tu.

“Anangoja!” alisema, uso umemng'aa. “Si nilikwambieni? Huwa wanangoja.”

Alasiri anaingia Temeke. Njia ya mkato ingemfikisha kwa wakwe zake mapema, lakini anapita sokoni kwanza. Mwenye sinema anataka soko lipitiwe, na Mwinjuma naye anautaka umati. Sokoni anasimulia kisa chote kwa wauza ndizi, kisha kwa wauza mkaa. Salumu, aliyefunga kazi ili aje kuwa shahidi, anamvuta shati.

“Twende, bwana.”

“Bado. Watu hawajawa wengi.”

Wanapofika, watu ni wengi kweli. Wamemfuata kama wanaofuata ngoma. Mwinjuma anasimama mbele ya nyumba ya makuti yenye dirisha moja la mbao. Dirisha limefungwa. Anaona hivyo, anatabasamu, anapiga kengele.

Hatujapata kumsikia akisimulia hivi. Kijana amevunja kufuli la baba yake. Anakimbia peku stesheni. Gari la moshi limepiga honi, magurudumu yanaanza, na binti wa mfinyanzi yumo ndani, hajui kama anafuatwa. Mwinjuma ananyamaza. Analitazama dirisha, na kifua kinapanda na kushuka nyuma ya ubao.

Mlango unafunguka. Anayetoka ni Mwamvita, mama yake Mwanaasha, kanga begani.

“Mwinjuma, sogea hapa.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Zishushe hizo mbao kwanza.”

Anahangaika na kamba, haifunguki. Anabaki nazo. Mwamvita anasema kwa sauti ya chini, na sisi tuliosimama karibu tunasikia.

“Eda imekwisha. Leo, alasiri hii. Mwenyewe kanambia.”

“Leo?”

“Leo, mwanangu. Tangu asubuhi alikaa dirishani, anasema ni Jumamosi, atapita. Nikamwambia ale, akasema bado. Ulikuwa wapi?”

Mwinjuma anaishusha kengele. “Sokoni,” anasema.

Nyuma yake umati hauelewi kitu. Unadhani ni sehemu ya kisa.

“Endelea, Bwana Mapenzi! Alilidiriki gari la moshi?”

“Usitufiche, alilidiriki?”

Anageuka. Kwa mara ya kwanza tangu ashike kengele ile, anautoa mwisho bure.

“Alilidiriki,” anasema. “Wameoana. Haya, nendeni.”

Watu wanashangilia. “Leo katupa mwisho!” anapiga kelele kijana mmoja. “Tikiti ya nini tena?” Dirisha halikufunguka.

Mwamvita alimpa neno moja la mwisho kutoka kwa binti yake: akimtaka, aje kuposa kama mgeni yeyote, naye atafikiri. Hakusema atakubali. Kwa uso aliokuwa nao mama yule, hatukuona sababu ya kumwuliza.

Jua limeinama tunaporudi Keko, barazani kwa Salumu. Mwinjuma anazivua mbao, anaziegemeza ukutani kando ya mtungi wa maji, gari la moshi likitazama nje. Mwenye sinema akisikia kwamba mwisho umetolewa mtaani, huenda Jumamosi ijayo kengele ikawa mkononi mwa mtu mwingine. Hilo halimshughulishi. Anao mpango, na anaueleza kwa sauti iliyochakaa. Atatafuta mahari mpya. Ataacha kazi hii, aende bandarini kubeba magunia, mahali ambapo hakuna anayemtaka aseme. Na Ijumaa atatuma posa.

“Atakwenda nani?” Salumu anauliza.

Mwinjuma anamwelekezea kidevu.

“Mie? Haya, nitakwenda, wewe ndugu yangu. Lakini Mwanaasha ataniuliza umesema nini. Nimwambie umesema nini?”

Mwinjuma anafungua mdomo. Tunangoja, Salumu na muuza kahawa na sisi.

Kisha ananyoosha kidole, polepole, kuelekea mtungi wa maji.